Uzi: Ukigongwa kichwa, mtu wa mwisho kuulizwa "uko poa?" ni wewe mwenyewe

KipaMstaafu (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu, leo naleta uzi wangu wa kwanza na naomba mnivumilie maana naandika kwa vipande, macho yangu bado hayapatani na skrini zaidi ya nusu saa, mkisoma mtajua kwa nini.

Mimi nilikuwa kipa. Siyo wa kulipwa, ni wa zile mechi za jumapili za watu wazima wenye vitambi, lakini kipa kweli, wa kutoka golini. Miezi minne iliyopita nikatoka kupangua krosi, goti la mshambuliaji wao likanikuta hapa juu ya sikio. Ndivyo nilivyoambiwa, mimi hilo goti silikumbuki. Nakumbuka nafunga kamba za viatu kabla ya gemu, halafu nakumbuka niko ndani ya gari la rafiki yangu nimekumbatia begi namuuliza tumemaliza ngapi ngapi, na yeye ananiangalia kwa jicho la ajabu kwa sababu nilikuwa namuuliza mara ya sita.

Hapo katikati kuna kama dakika 50 ambazo nilidaka. Nilidaka wakuu! Naambiwa nilipangua shuti moja la hatari, nikapiga goli kiki zimenyooka, nikagombana na refa. Hakuna aliyeshtuka. Nilipogongwa walinizunguka, wakanimwagia maji, wakaniuliza uko poa? nikasema niko poa. Waliniuliza mara tatu na mara tatu nikawajibu hivyo hivyo. Sasa mimi nauliza, yule aliyekuwa anajibu alikuwa nani? Maana mimi sikuwepo.

Sikuzimia. Damu hakuna. Kanundu tu. Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida.

Ndani ya wiki ile mambo yakaanza kwenda kombo. Taa za ofisini zinanichoma. Mtu akicheka meza ya pili nasikia kama ananipigia debe tupu sikioni. Nasoma barua pepe ya mistari mitano, nikifika wa tano wa kwanza umeshafutika. Hasira mpaka mke wangu akaniambia mume wangu sikujui. Bosi wangu yeye akaona najifanya, akasema nikitaka likizo niombe likizo nisilete maigizo. Kituo cha kwanza nilichokwenda wakanipapasa kichwa, hakuna jeraha, wakanipa dawa ya maumivu wakaniaga. Baadaye nikapigwa CT skani ikatoka safi kabisa, na hiyo safi ndiyo ikanimaliza, maana sasa hata mimi mwenyewe nikaanza kuhisi nadanganya.

Kumbe ni mtikisiko wa ubongo. Nakuja kuendelea, macho yameshaanza.

Chapa_Lapa

Napiga kambi hapa mkuu ila usitutishe bure. Kugongwa kichwa kwenye mpira ni mambo ya kawaida, sisi tumegongwa miaka nenda rudi na bado tunadunda. Unamwagiwa maji, unaona nyota nyota mbili tatu, unaendelea na gemu. Kizazi hiki mmekuwa laini sana

Dada_Zamu

Chapa Lapa kaka yangu, "tunadunda" unaisemea wewe uliyebaki kudunda. Mimi nipo zamu za dharura miaka kadhaa sasa, ambao hawadundi hawana muda wa kuingia humu kukomenti.

Na hizo nyota nyota ndizo zenyewe. Watu wengi wanaamini kama hujazimia basi ubongo haujaguswa, wakati wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Mtu anabaki amesimama, macho wazi, anaongea, ila ukimsikiliza vizuri anaongea kwa kuchelewa, au anarudia swali, au amesimama upande siyo wake.

KipaMstaafu (mleta mada)

Nimerudi. Asante dada, umenifungulia njia.

Nielezee kinachotokea humo ndani kama nilivyokuja kueleweshwa na daktari mmoja mwenye subira, maana nilivyoelewa hii ndiyo nikaacha kujiona muongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 na ni laini mno, siyo ile picha ya kitu kigumu tunayoichora vichwani, unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikienda kwa kasi kikasimamishwa ghafla, fuvu linasimama, ubongo wenyewe haujapata taarifa, unaendelea, unavutika na kujizungusha, na zile nyuzi za neva zinanyooshwa. Ndiyo maana si lazima kichwa kigongwe chenyewe. Ukipigwa kikumbo cha kifua shingo ikachapa mbele na nyuma, au gari likikugonga kwa nyuma, inatosha.

Baada ya hapo ni vurugu ya kikemia. Potasiamu inavuja kutoka ndani ya seli, kalsiamu inaingia, pampu za seli zinaanza kukimbizana kurudisha kila kitu mahali pake na hiyo kazi inakula sukari nyingi sana, na balaa ni kwamba wakati huo huo damu inayokwenda kwenye ubongo imepungua. Yaani kazi imeongezeka na posho imekatwa. Ndiyo uchovu ule. Mtu anasoma mistari mitano anataka kulala.

Sasa CT skani inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Hiyo vurugu ya chumvi na sukari haiioni, haikutengenezwa kuiona. Kwa hiyo jibu "safi" lina maana kubwa sana, maana yake hakuna kinachovuja, shukuru Mungu. Ila watu tunalitafsiri kama hakuna kilichotokea, na hapo ndipo ugomvi na mabosi unapoanzia.

Halafu lile jina, "jeraha dogo la ubongo". Udogo wake ni wa kwenye karatasi. Kuna kipimo cha alama kinaitwa cha Glasgow, walikitoa Teasdale na Jennett mwaka 1974, kinaangalia macho, maneno na mwili unavyoitikia, alama za juu ni 15. Ukipata 13 mpaka 15 unaitwa jeraha dogo. Ni dogo ukilinganisha na aliyelala na mashine. Mimi sikulinganishwa na yule, nililinganishwa na mimi wa jumamosi.

Mzee_wa_Takwimu

Mleta mada hii ya kudaka bila kuwepo umenikumbusha fainali ya kombe la dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Christoph Kramer kagongana na bega la Garay dakika ya 17 hivi, kaanguka, kainuka, kaendelea kucheza. Baadaye refa Rizzoli akasimulia kwamba huyu kijana alimfuata akamuuliza, refa, hii ni fainali? Refa akadhani utani. Kramer akarudia, akasema anahitaji kujua. Refa ndiyo akawaambia wenzake wa Ujerumani, na akatolewa dakika ya 31. Hesabu hizo dakika, mtu yuko fainali ya kombe la dunia, dunia nzima inaangalia, benchi limejaa madaktari, na hajui yuko wapi.

Na mwaka huo huo Alvaro Pereira wa Uruguay alipigwa goti la kichwa na Sterling akalala chini kazima, daktari wa timu akaonyesha ishara ya kumtoa, mwenyewe akagoma akabaki uwanjani. Sisi tulishangilia tukasema ndiyo mwanaume huyo

Chapa_Lapa

Kwa hiyo unatuambia maprofesheno wanaendelea na sisi tutoke? si umejijibu mwenyewe mzee 😂

Mzee_wa_Takwimu

Hapana kijana, nimekwambia hata walio na madaktari walikosea, na ndiyo maana sheria zimebadilishwa. Raga wameweka utaratibu, mchezaji akishukiwa anatolewa nje anapimwa na mwingine anaingia kwa muda, akifeli harudi. Kwenye soka wakaanza majaribio 2021 ya kuruhusu kumbadilisha aliyeumia kichwa bila kuhesabiwa kwenye idadi ya kawaida ya sabu, na sasa imeingia kwenye sheria kama hiari ya wenye mashindano. Bado haitoshi kwa maoni yangu. Kumpima mtu ubongo huku amelala nyasini na mashabiki wanazomea mnapoteza muda, hapana.

Mtu wa Liverpool humu ajitokeze tuongee kuhusu Karius, kipa wao aliyefungwa magoli ya kizembe fainali ya mabingwa wa Ulaya 2018, kila mtu alimcheka, baadaye madaktari wa Marekani wakasema alikuwa na mtikisiko. Kama ndiyo ulisababisha yale magoli au la mimi siingii huko, ila mtu alibebeshwa fainali nzima.

Mama_Wawili

Jamani samahani naingilia kati mimi sijui mpira. Mwanangu wa miaka sita juzi kaanguka kutoka kwenye ngazi kajigonga kisogo, kalia sana akanyamaza, usiku nikakaa naye macho nikimkataza kulala mpaka kunakucha maana nilikuwa nasikia tangu utotoni ukigonga kichwa ukalala huamki. Kashinda amechoka hatari. Nilifanya vizuri au nimemtesa mtoto

Dada_Zamu

Pole sana mama, na usijilaumu, hiyo tumekua nayo sote. Ilikuwa na sababu yake: zamani hakukuwa na skani, njia pekee ya kujua kama damu inavuja taratibu ni kuona kama mtu anaendelea kuongea na wewe. Ila usingizi wenyewe hauui. Kinachoua ni damu, usingizi unaificha tu. Mtoto akishaangaliwa, anaongea vizuri, anatembea vizuri, hana dalili mbaya, mwache alale, ubongo wake unautaka huo usingizi kweli kweli. Unaweza kumchungulia usiku, umguse kidogo uone anajigeuza kama kawaida.

Sasa dalili mbaya ndizo hizi na naomba mtu apige skrinishoti: kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kutapika tena na tena, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyenzake, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi, kuongea kilevi wakati hajanywa, kuzidi kuchanganyikiwa au kuwa mkali kupita kiasi, maji meupe au damu kutoka puani au masikioni, shingo kuuma sana, na ile mbaya kuliko zote, unamwamsha haamki au anaamka kwa shida. Yoyote kati ya hizo usisubiri asubuhi. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mimi siangalii dalili, mlete tu, kwa sababu yeye hawezi kukwambia kinamuuma wapi, utamwona analia habembelezeki, anakataa kunyonya, au utosi umevimba.

Mama_Wawili

Hana hata moja Mungu mwema. Ila tangu juzi analalamika mwanga wa tv

Dada_Zamu

Basi zima tv siku mbili mama, na mpeleke aonwe. Shuleni mwambie mwalimu wake. Watoto wanachukua muda mrefu kuliko sisi, mtu mzima wengi wanakaa sawa ndani ya wiki mbili, mtoto inaweza kufika wiki nne na ikawa bado ni kawaida.

Kiti_cha_Nyuma

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nina neno kuhusu kusubiri.

Baba yangu aliteleza bafuni akajigonga kwenye ukingo wa sinki. Akacheka mwenyewe, hatukwenda popote, miaka 74 lakini ana nguvu. Anatumia dawa ya kufanya damu isigande kwa ajili ya moyo na hakuna kati yetu aliyeunganisha hayo mawili. Wiki ya tatu akaanza kuburuta mguu, anasahau majina ya wajukuu, tukasema uzee umegonga hodi, mwingine akasema amepata kiharusi. Kufika hospitali ni damu imejikusanya kati ya ubongo na fuvu, ilikuwa inavuja kidogo kidogo wiki zote tatu hizo. Wakatoboa fuvu wakaitoa. Siku ya pili ananiuliza gazeti liko wapi.

Wazee ubongo umesinyaa kidogo kwa hiyo mishipa imekaa kama kamba iliyovutwa, kugongwa kudogo inachanika. Ndivyo nilivyoelezwa. Ukiwa na mzee anayetumia hizo dawa, kajigonga, usingoje aburute mguu.

Mzee_wa_Takwimu

Mzee wangu pole, na ashukuriwe Mungu kwa kupona kwake. Kuna ile ya haraka pia, wengi mtamkumbuka yule mwigizaji Natasha Richardson, Machi 2009, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Kanada, akainuka anatania watu, akakataa gari la wagonjwa. Saa chache baadaye kichwa kikaanza. Siku mbili akawa amefariki. Damu ilivuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Yale masaa ya kutania ndiyo yanadanganya.

KipaMstaafu (mleta mada)

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika na wazee mmenitangulia. Kutania. Kusema niko poa. Mimi naamini kosa kubwa tunalofanya ni kumuuliza aliyegongwa. Kifaa kinachotakiwa kujibu hilo swali ndicho kilichogongwa! Huwezi kuiuliza saa mbovu ni saa ngapi halafu ukapanga safari.

Na ukimuuliza jina lake atakwambia. Atakwambia jina la mama yake na mwaka wa kuzaliwa, hayo yamekaa chini sana hayatikisiki. Kuna mtaalamu wa Australia, Maddocks, yeye na wenzake mwaka 1995 walionyesha kwamba maswali yanayosaidia ni ya vitu vya sasa hivi: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani kafunga goli la mwisho, wiki iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Mimi ningefeli yote matano. Hata akiyajibu yote haina maana yuko salama, ila akifeli moja tu gemu kwake imeisha.

Na ikiisha imeisha siku hiyo. Asirudi hata akilia. Ubongo ukiwa kwenye ile vurugu ya chumvi niliyosema, pigo la pili hata dogo linaweza kuufanya uvimbe kwa kasi ya ajabu. Hutokea mara chache ila likitokea mara nyingi ni kwa vijana wadogo, na halina huruma. Zackery Lystedt alikuwa na miaka 13, jimbo la Washington kule Marekani, 2006, aligonga kichwa kabla ya mapumziko, kipindi cha pili akarudishwa uwanjani, mwisho wa mechi akaanguka. Alipona kwa maana ya kuishi, lakini ilimchukua miaka kujifunza upya kuongea na kusimama. Familia yake ikapambana mpaka 2009 jimbo likatunga sheria yenye jina lake, mtoto akishukiwa anatoka na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Mtoto mmoja.

Chapa_Lapa

Daah

Sawa hii ya mtoto imenigusa. Swali la kweli sasa, bila utani, kofia zile za raga au helmeti ya pikipiki si inazuia yote haya? mimi ni mtu wa pikipiki

Dada_Zamu

Vaa helmeti, ifunge mkanda, hilo halina mjadala hata. Kwa mwendesha pikipiki inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo kwa karibu asilimia 42. Kazi yake kubwa ni fuvu lisipasuke. Ila ubongo unaozunguka ndani ya fuvu helmeti haiushiki, kwa hiyo ukianguka na helmeti yako ikachubuka usiseme "ilinikinga" ukaendelea na safari. Na hiyo iliyopigwa usiivae tena hata kama inaonekana nzima, ile sponji ya ndani ikishabonyea imemaliza kazi. Za raga zile laini zinasaidia michubuko na masikio tu.

jina_limefichwa

Naomba kuuliza. Kama siyo mpira na siyo ajali. Kama kichwa kinagongeshwa ukutani na mtu, na siyo mara moja. Nayo inahesabika? Nasahau sana siku hizi na nilidhani ni mawazo

Dada_Zamu

Inahesabika mdogo wangu. Inahesabika yote, ya ukutani, ya kofi, ya kutikiswa kwa nguvu, na ya kukabwa shingo pia kwa sababu hapo ubongo unakosa hewa, na mara nyingi kukabwa hakuachi hata alama.

Niseme kwa uchungu kidogo. Tunaongea miaka na miaka kuhusu vichwa vya wanamichezo kwa sababu wao wanagongwa mbele ya kamera. Wanaogongwa ndani ya nyumba hawana refa, hawana sabu, na wakija kwetu wanasema nimeanguka, na sisi tukiwa tumechoka tunaandika "ameanguka". Halafu polisi wakimhoji anachanganya siku, anachanganya nini kilianza, wanasema muongo. Mtu mwenye ubongo uliotikisika kukumbuka kwa mpangilio ni kazi ngumu kuliko zote na ndiyo tunamdai hiyo hiyo.

Usahaulifu wako siyo mawazo tu. Nimekutumia ujumbe pembeni, jibu ukiwa peke yako na ufute ukimaliza. Ukifika kwa daktari mwambie kichwa kiligongwa mara ngapi, kwa nini kiligongwa utasema ukiwa tayari.

jina_limefichwa

Nimeuona. Asante

Kiti_cha_Nyuma

Binti, tupo.

Mtoto_wa_Pili

Mimi nilipigwa na mlango wa gari wiki iliyopita na nina kila kitu mlichotaja mwanga kelele kizunguzungu yani kila kitu. Nimejifungia chumbani giza siku ya nane leo naogopa hata kusoma. Nimesoma pia kuna ugonjwa wa wachezaji wanakuwa vichaa wanajiua, CTE, sasa nalala nauwaza huo

KipaMstaafu (mleta mada)

Mdogo wangu fungua pazia. Nakwambia kwa mapenzi kwa sababu kosa lako ndilo langu, mimi nilikaa gizani wiki tatu nikidhani najitibu.

Zamani walikuwa wanashauri hivyo, giza na kitanda mpaka dalili ziishe. Siku hizi imebadilika. Siku moja mpaka mbili za mwanzo unapumzika kweli, skrini unapunguza, pombe hakuna, kuendesha hakuna, halafu unaanza kutoka taratibu hata kama bado kunauma kidogo. Kuna utafiti wa 2015 kwa vijana, waliolazimishwa kupumzika siku tano walilalamika dalili nyingi kuliko waliopumzika siku moja au mbili. Ukijifungia unabaki unausikiliza ubongo wako saa 24, kila mlio unaogopesha. Mimi kilichonitoa ni kutembea. Dakika kumi, kesho kumi na tano, kichwa kikizidi kuuma sana napunguza, kikizidi kidogo tu naendelea. Usingizi saa ile ile kila siku. Na mtu wa mazoezi ya viungo akagundua nusu ya maumivu yangu yanatoka shingoni wala siyo kwenye ubongo, na kizunguzungu kina mazoezi yake ya macho na kichwa, unatikisa kichwa unaangalia kidole, ukiyafanya unajiona mjinga ila yanafanya kazi.

Ila kwanza uonwe, sawa? Siku ya nane na hujaonwa siyo sawa.

Dada_Zamu

Na dawa, panadol ya kawaida inatosha. Siku za mwanzoni kabla hujaangaliwa kaa mbali na aspirini na brufen maana zinaweza kuzidisha damu kama ipo inayovuja. Na ukizoea kutumia ya maumivu karibu kila siku kwa muda mrefu nayo inaanza kuleta maumivu yake, ajabu lakini ndivyo.

Mzee_wa_Takwimu

Kuhusu CTE mdogo wangu usilale na hofu ambayo siyo yako. Hiyo ni ubongo kuharibika polepole, na inahusishwa na kugongwa miaka mingi, mamia na maelfu ya mapigo yakiwemo madogo ambayo hata hayaleti dalili. Daktari Martland aliiandika kwa mabondia tangu 1928, aliwaita waliolewa ngumi. Halafu Bennet Omalu, Mnigeria, akaikuta kwenye ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyefariki 2002, akachapisha 2005, na wenye ligi wakamtaka aifute karatasi yake. Hakufuta. Mpaka leo inathibitishwa kwa kupasua ubongo wa marehemu tu, kwa hiyo anayekwambia unayo ukiwa hai kwa mlango mmoja wa gari anakuuzia kitu.

Wa kuwa na wasiwasi ni wanaopiga vichwa mpira kila siku kwa miaka ishirini. Utafiti wa Uskochi 2019 ulikuta wachezaji wa zamani wa kulipwa wanakufa kwa magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na ya neva mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa rika lao. Marekani walishapiga marufuku watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa tangu 2015. Mimi mjukuu wangu namfundisha kutuliza kwa kifua na kocha wake ananuna. Anune.

Mtoto_wa_Pili

Nimefungua pazia wakuu. Jua kali sana ila nimefungua. Kesho naenda kuonwa kaka yangu atanipeleka

KipaMstaafu (mleta mada)

Safi. Mwambie kaka aingie na wewe ndani, yeye ndiye aeleze umekuwaje, wewe utaruka vitu. Mimi kwa daktari wa pili alikwenda mke wangu akaongea dakika kumi, kila alichosema kilikuwa kipya kwangu. Eti nilikuwa naweka funguo kwenye friji.

Mtu kaniuliza pembeni kurudi mpirani inakuwaje. Ni ngazi. Kutembea na baiskeli taratibu, kukimbia, mazoezi ya mpira peke yako, mazoezi na wenzako bila kugusana, mazoezi kamili baada ya daktari kuruhusu, mechi. Kila ngazi angalau masaa 24, dalili zikirudi unashuka moja. Shule au kazi ndiyo inatangulia, mtoto ambaye hajaweza kukaa darasani siku nzima hana biashara uwanjani. Mimi nimefika ngazi ya kukimbia. Golini sirudi, na hilo nimeliamua mimi bila daktari, nikiona krosi kwenye tv mkono unanyanyuka wenyewe kujikinga.

Chapa_Lapa

Wakuu nimerudi, ni jumapili jioni. Naandika haraka

Leo kipa wetu kagongana na nguzo. Kainuka mwenyewe, akajipangusa, akasema niko poa twende. Refa anataka kuanzisha. Nikakimbia mpaka golini nikamuuliza tuko ngapi ngapi akaniambia tunaongoza moja bila. Tumefungwa mbili wakuu. Na hizo mbili amefungwa yeye

Nikamtoa. Amenitukana mbele ya watu, jamaa wengine wamenuna tumemaliza na beki golini na tumekula nne. Wanasema nimewauza

KipaMstaafu (mleta mada)

Yuko wapi sasa hivi? Yuko peke yake?

Chapa_Lapa

Nipo naye hapa kwenye foleni ya daktari, mama yake yuko njiani anakuja. Ameniuliza matokeo mara nne. Kila nikimwambia nne bila anashtuka upya

Dada_Zamu

Endelea kumjibu. Hajatapika?

Chapa_Lapa

Bado. Mboni zote sawa nimeangalia kwa tochi ya simu. Anataka aendeshe pikipiki yake arudi nyumbani, funguo ninazo mimi